Gunia Kwenye Buti la Crown

Shifaa alilifungua gunia akitarajia takataka. Kitu cha kwanza alichokitoa kilimfanya akae chini, palepale kwenye changarawe ya yadi ya polisi, na sketi yake ya kazini haikuwa imeshonwa kwa ajili ya changarawe.

“Nini tena?” akauliza Koplo Marwan, aliyekuwa amejibanza kwenye kivuli cha lori lililopondeka. “Nyoka?”

“Afadhali angekuwa nyoka.”

Mkononi alikuwa na bolijointi, kile kiungo cha chuma kinachoshika gurudumu la mbele lisiachane na gari lake. Ilikuwa mpya. Si mpya ya kusuguliwa na kupakwa mafuta, bali mpya kabisa, rangi ya kiwandani ingali juu yake na grisi nyekundu ikichungulia chini ya mpira. Aliingiza mkono tena, akatoa ya pili. Nayo ilikuwa mpya vilevile.

Marwan akatoka kivulini. Huyu alikuwa mwenyeji wa Dubai aliyepata Kiswahili chake kwa bibi yake Muunguja, na alikitumia kwa furaha kila alipopata mtu wa kukaripia.

“Wallahi, hii haiwezekani,” akasema, na safari hii hakukaripia.

Ni kweli, haikuwezekana. Ijumaa iliyopita Bwana Sulaiman, mzee wa Kizanzibari anayeishi mtaa wa Mirdif, hapa Dubai, alikuwa akiendesha Crown yake ya mwaka 1974 na mkewe Bi. Salha kando yake. Kwenye kona, gurudumu la mbele la kushoto lilichomoka na kulala chini, gari likaenda kugonga nguzo ya zege. Bi. Salha alifariki palepale. Mzee alitoka na mkono uliovunjika. Kesho yake polisi walimkamata fundi Hamuza, Mganda, kwa sababu wiki ileile alikuwa ameibadilisha Crown sehemu yote ya mbele: springi, shoki, bolijointi, diski za breki na pedi zake.

Ripoti ilikuwa fupi. Bolijointi ya juu iliyochomoka upande wa kushoto ilikuwa kuukuu, imelika. Kwa hiyo Hamuza alimlipisha mzee kifaa kipya akamwachia cha zamani, na mtu amekufa. Jumatatu faili lingekwenda kwa mwendesha mashtaka. Shifaa, mkaguzi wa ajali wa kampuni ya bima, aliisoma ripoti ile akairidhia. Mtoto wa Mombasa huyu alikuwa ameshaona mafundi wajanja wa kutosha, hakuona sababu ya kumwamini mmoja zaidi.

Kisha akaja Kulusumu, mke wa Hamuza, moja kwa moja kutoka zamu yake ya ulinzi, kofia ya kazi mkononi. Hakulia wala hakupiga magoti. Alisema tu, “Madam, ongea na yeye mara moja. Basi.” Shifaa akaenda mahabusu ili amalize jambo lenyewe.

Hamuza alikuwa mtu mnene, mpole, na mahabusu ilikuwa imeanza kumlegeza nguo.

“Madam, mimi nilifunga vipya,” alisema. “Gunia mlifungua?”

“Gunia gani?”

“Ile ya kwa buti. Mzee aliniambia, Hamuza, usinifanyie kama gereji za hapa, mimi nataka vyuma vyangu vya zamani. Nikavifunga na gazeti kimoja kimoja, nikaweka kwa gunia, nikampa.”

Shifaa hakuhitaji kuelezwa. Alikokulia, fundi asiyekurudishia kifaa cha zamani ni mwizi hata kama hajaiba. Unataka ukione kwa macho yako kilichotoka, ndipo uamini kwamba kingine kimeingia. Dubai mambo hayo hayapo. Kikitoka kinatupwa, khalas.

“Alilalamika chochote alipolichukua gari?”

“Usukani. Alisema iko nzito. Nikamwambia, mzee, vyuma vipya vinabana, hii gari haina pawa ya usukani. Wiki mbili tatu inalegea yenyewe. Hakufurahi.” Akajifuta uso kwa kiganja. “Madam, kweli yule mama alikufa? Hawa hawaniambii.”

Shifaa alimwambia kweli. Hamuza aliinamisha kichwa.

Sasa gunia lenyewe lilikuwa miguuni pake. Kwenye orodha ya polisi lilikuwa limeandikwa “takataka.” Ndani mlikuwa na springi za zamani, bolijointi mbili zilizolika, shoki zilizovuja, diski zilizochimbika, pedi zilizokwisha, vyote vimefungwa kwa magazeti ya Kiarabu kama maandazi ya kuuza. Vitu viwili tu havikuwa na gazeti, na vyote viwili alikuwa navyo mapajani.

“Sawa,” Marwan akasema, akijikaza kurudi kwenye ukoplo wake. “Alimfungia arbab, tajiri wake, za zamani, akaweka hizi humu.”

“Akamwibia, halafu mali ya wizi akampa mwenyewe aende nayo nyumbani?”

Marwan akachungulia ndani ya gunia.

“Mtu mwingine alizitoa,” Shifaa akasema. Alizungumza polepole kwa sababu maneno yenyewe yalikuwa yakimtisha. “Baada ya Hamuza. Alifungua hizi mpya, akachukua zile kuukuu humu guniani, akazirudisha garini. Na alizozitoa hakuzitupa wala hakuziuza. Alizitia guniani. Hakufikiri hata. Mkono wake umezoea kwamba kinachotoka kwenye gari kinakwenda guniani.”

“Mkono wa nani?”

“Wa mtu wa kwetu, Koplo. Fundi wa hapa asingefanya hivyo.”

“Dereva wa mzee,” Marwan akasema mara moja. “Yule Mtanzania.”

Shifaa pia alikuwa amemfikiria huyohuyo. Alitandika gazeti chini, akalala chali, akajisogeza chini ya bawa, lile bati linalofunika gurudumu la mbele la kulia la Crown iliyoegeshwa kando, upande ambao haukuvunjika. Bolijointi ya juu nayo ilikuwa kuukuu. Kwa hiyo zilirudishwa mbili, kushoto na kulia. Ile ya chini ilikuwa mpya, na pini ya kuzuia nati isifunguke ilikuwa imekunjwa kifundi: mguu mmoja juu, mmoja chini, haraka haraka, basi. Hiyo ilikuwa kazi ya Hamuza.

Akaimulika pini ya juu kwa simu.

Miguu yake yote miwili ilikuwa imezungushwa nati, mmoja kulia, mmoja kushoto, na ncha zimefichwa ndani ili zisimchome mtu kidole. Ilikuwa kazi ya mtu asiye na haraka, mtu aliyefundishwa vizuri zamani sana. Muuaji gani anaficha ncha za pini zisimchome mtu?

Akaipiga picha.

*

Kasian, dereva wa Bwana Sulaiman, alikuwa akiosha gari la watoto wa mzee nje ya banda la magari pale Mirdif. Mtu wa Songea, mwembamba, mstaarabu. Alipomwona Shifaa alifunga bomba la maji na kusimama wima.

“Jeki ya nyumba hii iko wapi, kaka Kasian?”

“Ipo, dada.” Macho yakaenda juu kabla ya ulimi. Jeki ilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa ya banda, nyuma ya mahema, nzito ya chuma.

“Mara ya mwisho kuitumia?”

“Mimi? Siku nyingi. Sijaigusa.”

Shifaa alipanda juu ya ndoo, akapitisha kidole. Rafu nzima ilikuwa na vumbi la jangwani, isipokuwa jeki na viegemeo viwili vya kuinulia gari.

“Kaka Kasian,” akasema, akishuka. “Kuna mtu yuko mahabusu ana mke, na mke wake anasimama mlangoni mwa watu masaa kumi na mbili akingoja nimpigie simu. Niulize tena?”

Kasian alitazama nyumba, kisha lango. Alikuwa na sura ya mtu anayehesabu anachopoteza.

“Mzee ndiye mdhamini wangu, dada. Kafeel. Nikimtaja leo, kesho niko uwanja wa ndege.”

“Ukinidanganya leo, kesho uko pale alipo Hamuza.”

Hilo lilimwingia. Akaketi kwenye ngazi.

“Mungu wangu. Sikiliza. Gari lilipotoka gereji mzee aliliendesha mwenyewe. Kuingia hapa getini, jasho linamtoka, usukani haugeuki. Akagonga chungu cha maua cha mama, kikapasuka. Watoto wote walikuwepo. Wakasema, baba, umri umekwenda, kuanzia leo Kasian ndiye anaendesha, wewe lete funguo. Mzee akasema atatoa baada ya Ijumaa. Ijumaa ni siku yangu ya mapumziko, na huwa anamtoa mama matembezi.”

“Na jeki?”

“Alhamisi asubuhi. Watoto wako kazini, dada wa kazi yuko likizo kwao. Mzee akaniambia, nishushie jeki na vile viegemeo, halafu nenda Deira ukaninunulie halua. Deira, dada! Halua ipo hapa nyuma ya msikiti.”

“Nani alibaki?”

“Mzee na mama. Hao wawili tu.”

Shifaa akageuka kuitazama nafasi tupu ya banda. Alikuwa amekuja kumtafuta muuaji. Aliingia ndani zaidi, mahali Crown ilipokuwa ikilazwa, akachuchumaa. Kwenye saruji palikuwa na doa la grisi nyekundu, upande wa gurudumu la mbele la kushoto. Kutoka kwenye doa lile ilitoka mistari miwili myembamba, sambamba, ikielekea mlango wa jikoni, ikififia njiani.

“Kuna baiskeli humu ndani?”

“Hapana, dada. Nani aendeshe?”

*

Bwana Sulaiman alikuwa peke yake sebuleni, mkono kwenye plasta, kanzu nyeupe isiyo na mkunjo. Watoto wake walikuwa wamekwenda kwa gari jingine kumpokea shangazi yao uwanja wa ndege. Harufu ya udi wa msibani ilikuwa bado kwenye mapazia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Kahawa ipo hapo, lakini mimina mwenyewe, nina mkono mmoja.”

“Pole sana na msiba. Mungu amrehemu.”

“Amin. Ndiyo dunia.” Aliyasema kwa ukakamavu, kama mtu anayewajibu wageni wa kutwa. “Bima hamjamaliza tu na yule fundi?”

“Tunakaribia kumaliza. Niruhusu maswali machache. Wewe hapo zamani ulifanya kazi gani, mzee, kabla ya biashara?”

Uso wake ukachangamka. Hakika huwezi kumuuliza mzee swali tamu kuliko hilo.

“Gereji ya serikali, Unguja. Nilikuwa mwanafunzi kwa fundi mmoja mkali, ukikosea anakurushia spana. Alitufundisha kazi safi. Hawa wa leo, wanafunga tu ilimradi gari litoke mlangoni.”

Shifaa akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Alikuwa amekwisha kukiona kile kilichokuwa ukumbini, karibu na mlango wa jikoni: kiti cha magurudumu cha Bi. Salha, mto wake ungali na bonde la mtu aliyekalia. Aliinuka, akakisukuma polepole hadi katikati ya sebule. Mzee akageuza uso.

“Kirudishe, mwanangu. Sipendi kukiona.”

“Samahani. Nani alikuwa akikitengeneza?”

“Mimi. Salha hakumtaka mwingine akiguse.”

Shifaa akakilaza ubavu kwenye zulia. Kwenye ekseli ya gurudumu palikuwa na nati, na kwenye nati pini. Miguu miwili, mmoja kulia, mmoja kushoto, ncha zimefichwa ndani. Akatoa simu, akaifungua ile picha ya yadini, akaiweka kando ya gurudumu, zitazamane.

Mzee alizitazama kwa muda mrefu. Ukakamavu wote ukamtoka usoni, na mtu aliyebaki pale alikuwa mzee kuliko yule aliyekuwa akizungumza.

“Usukani ulikuwa mzito,” akasema.

“Hamuza alikwambia utalegea.”

“Alinambia. Nikadhani ananifariji, kama wanavyonifariji wote.” Aliuinua mkono mzima, akautazama. “Mikono hii haikuweza, mwanangu. Getini pale, mbele ya watoto. Nikasema, nikirudisha zile za juu tu, zilizozoeana na gari, utakuwa mwepesi kama zamani. Nilizitikisa kwa mkono, hazikucheza hata kidogo. Ningekuwa nimeziona zinacheza, wallahi nisingezifunga.”

“Kwa mkono kila kitu huonekana kimekaza, mzee. Barabarani juu yake linakaa gari zima.”

“Najua. Hivi sasa najua.”

Shifaa alikuwa ameshangaa vya kutosha kwa siku moja, lakini lililofuata ndilo lililomchoma, na alilisema bila kulitia sukari.

“Walipomkamata Hamuza, ulijua.”

“Nilikuwa hospitali, nina…”

“Ulijua, mzee?”

Bwana Sulaiman alifunga macho.

“Nilijua.”

“Na ukanyamaza.”

“Ningesema nini? Watoto wananiita baba. Niwaambie mama yenu nimemuua mimi, kwa sababu ya ubishi? Nilijiambia yule ni kijana, watamfunga kidogo, watamwachia, nitampelekea kitu mkewe.” Akaigusa plasta yake. “Kila siku najiambia hivyo.”

Hasira ilimpanda Shifaa, na pamoja nayo huruma, akaichukia huruma ile kwa moyo wote. Alitaka kuondoka. Lakini kazi haikuwa imekwisha. Kazi ile ya bolijointi, hasa chini ya bawa la gari kulikojaa giza hata mchana, haifanywi na mzee mmoja. Mkono mmoja unashika spana, wa pili unashika chuma, na lazima uwepo wa tatu wa kumulika.

“Nani alikushikia tochi?” akauliza.

Alipokuwa akiuliza aliinama kukiinua kile kiti, na kiganja chake kikateleza kwenye mpira wa gurudumu. Akakitazama. Kilikuwa na grisi, nyekundu, imeshakauka kidogo na kushika vumbi. Shifaa akakiachia kiti ghafla kikaanguka tena kwenye zulia, na yeye akabaki ameduwaa, kiganja kikiwa wazi mbele yake.

“Ya Rabi,” akasema. “Ya Rabi, mzee.”

“Salha,” akasema Bwana Sulaiman. Machozi yalikuwa yakimshuka bila sauti, na hakuyafuta. “Alishika tochi mpaka mkono ukamuuma, akabadilisha. Alikuwa akicheka. Alisema, haya, Sulaiman, kaza na upande huu, watoto wasije wakatukuta. Tulikuwa kama tunaiba maembe.”

Shifaa alikiinua kiti, akakisimamisha sawasawa. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani angekuwa amekosea.

Nje gari la watoto lilikuwa limeshang’aa. Bwana Sulaiman alijishika kwenye mkono wa kochi, akainuka, akachukua kofia yake mezani na kuivaa kwa mkono mmoja. Ilikaa upande. Hakuirekebisha.

“Yule fundi ana watoto?”

“Sijui. Ana mke. Anaitwa Kulusumu.”

“Kulusumu,” akarudia, kama mtu anayejifunza jina alilopaswa kulijua tangu mwanzo. Akaelekea mlangoni. “Kasian! Lete gari.”

Kasian alikuja mbio, rangi imemtoka. “Tunakwenda wapi, mzee?”

“Polisi. Kaseme huyu fundi wa watu atoke.” Akajisahihisha. “Nitasema mimi.”

Alishuka ngazi peke yake, akaikataa mikono ya Shifaa. Alipofika garini miguu ilimpeleka mlango wa dereva, na vidole vyake vilikuwa vimeshashika kitasa wakati aliposimama. Alikishika kitambo kidogo. Kisha akakiachia, akazunguka gari zima kwa nyuma, polepole, hadi upande wa pili.

“Endesha wewe,” akamwambia Kasian. “Mimi nitakaa nyuma.”